Re: Mtoto wa miaka 4, nimsomee vitabu au ningoje aanze shule?

Dada, umeuliza kama kumsomea mtoto asiyejua hata herufi ni kupoteza muda. Usingoje shule. Herufi zitakuja tu. Anachovuna sasa ni maneno. Kitabuni atakutana na "kiota", "kijito", "akapigwa na butwaa". Sisi huku Dar, kwa "vaa viatu, gari limefika" zetu, hayo tunayatamka lini?

Anza na paukwa, mwache aitikie pakawa, kisha soma kidole kikifuata mstari. Atadai kitabu kilekile kila usiku (wangu alinichosha na sungura mmoja miezi miwili!). Mkubalie, ndivyo maneno yanavyomkaa.

Vitabu visikutishe bei. Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi, ina sehemu ya watoto, na Posta kuna wauza vitabu vya mitumba, mnapatana.