Jibu: Cherehani kimoja kwa jinzi na vitambaa laini

Habari ndugu. Umesema unataka cherehani kimoja cha jinzi na blauzi laini, na muuzaji anakusifia chenye aina 60 za mishono. Idadi hiyo isikubabaishe. Changu kina 23, natumia miwili tu: wa kunyooka na zigizaga.

Nenda dukani na kipande chako cha jinzi. Kikunje mara mbili kiwe tabaka nne, funga sindano nene, namba 100/16, shona polepole. Cherehani kikikwama au kuruka mishono, kiache hapohapo dukani. Kikipita, geuza kitambaa: ukiona vitanzi vya uzi kwa chini, kaza uzi wa juu ujaribu tena.

Kwa vitambaa laini weka sindano nyembamba, namba 70/10. Mimi niliwahi kusahau kubadilisha, blauzi ikabaki na matundu mstari mzima.