Picha za Nyumbani: Maswali Yenu ya Mwezi Huu

*Jioni mama mkwe humsuka binti yangu sebuleni. Kila nikiwapiga picha kwa simu, vidole vyake vinatoka kama moshi na nyuso zinakuwa za manjano. Simu ni mpya. Nakosea wapi?*
Mama wa watoto watatu, Tanga

Simu haina tatizo, dada. Mwanga ndio haba. Balbu moja ya wati 9 darini inayatosha macho, lakini kamera ikikosa mwanga huongeza muda wa kuukusanya, pengine hadi 1/20 ya sekunde. Bibi aliyetulia kitini atatoka vizuri, ila vidole vinavyosokota nywele vitakuwa vimeshahama. Vidole hivyo vinataka 1/125 au kasi zaidi. Mtoto anayekimbia uani anataka 1/500.

Dawa ya kwanza ni kuhamisha kigoda. Wasogeze hadi mita moja hivi kutoka dirishani au mlangoni, saa kumi au kumi na moja jioni, mwanga uwapate ubavuni. Wewe usielekeze kamera dirishani, la sivyo watatoka vivuli vitupu. Kisha zima balbu hata kama inaonekana kusaidia. Mwanga wake wa manjano ukichanganyika na ule wa nje ulio wa kibuluu, simu haijui irekebishe rangi ipi, na shavu moja hutoka tofauti na jingine. Taa ya simu nayo iache: hung'arisha paji la uso na pua, nyuma pakawa giza, na bibi akafumba macho.

Kama kusuka kwenyewe ni usiku tu, simu nyingi za Android zina hali ya Pro. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800 na kasi 1/100, picha ikiwa nyeusi panda ISO 1600. Kwa nini si 1/125 tuliyoitaja? Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu za LED za bei rahisi hupepesa mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Kasi isiyolingana na mpepeso huo huweza kuchora mistari myeusi kwenye picha. Kinachobaki ni kuvizia kituo. Msusi hutulia anapogawa nywele kwa kitana na anapofunga ncha. Bonyeza hapo, viwiko vyako vikiwa vimeegemea magoti.

Na ufute lenzi kwanza. Mafuta ya nywele kwenye kioo chake hutia ukungu kuizunguka kila taa, na wengi hudhani kamera imekufa.

*Siku ya Idi wanaume wakivaa kanzu, nyuso zao zinatoka nyeusi mno.*
Msomaji, Lamu

Weupe mwingi huidanganya kamera ikapunguza mwanga. Gusa uso kwenye skrini, kisha vuta alama ya jua juu kidogo. Mikunjo ya kanzu ikianza kupotea, umezidisha. Rudisha, au wahamishie kivulini.

*Nikitoa simu tu, watoto wanajipanga mstari na vidole viwili juu, na mzee wangu anakauka kama anapigwa picha ya pasipoti. Nataka wawe kama walivyo.*
Baba, Nakuru

Wape kwanza hiyo wanayoitaka, kaka. Piga ya mstari, waonyeshe, halafu usirudishe simu mfukoni. Keti chini, kamera iwe usawa wa macho ya mtoto, zima mlio wa kubofya, upigie kwa kitufe cha sauti. Baada ya dakika tano hivi wanakuchoka, wanarudi kwenye michezo yao, na hapo ndipo kazi huanza.

Usikimbilie ile lenzi pana ya 0.5 ukiwa karibu: pua huvimba na aliye pembeni hurefuka kichwa. Chagua 2x, urudi nyuma hatua mbili. Mzee mwombe ruhusa waziwazi kila mara. Akikataa uso, huenda akakubali mikono yake ikimenya chungwa, na mara nyingi hiyo ndiyo picha bora ya siku.

*Nilimtumia shemeji yangu aliyeko Maskati picha kwa WhatsApp. Kwenye simu ilikuwa safi, lakini alipokwenda kuisafisha kwa sentimita 20 kwa 30, ilitoka na vijumbavijumba.*
Msomaji, Wete

WhatsApp ikituma kwa ubora wa kawaida huipunguza picha hadi pikseli (nukta zinazounda picha) 1600 hivi kwa upande mrefu. Kwenye sentimita 30 hizo ni kama 135 tu kwa inchi, ilhali studio hupenda 300. Picha yenyewe, ikiwa ya megapikseli 12, ina pikseli 4000 upande huo, nazo zinatosha kabisa. Basi itume upya: bonyeza alama ya kibanio, uiambatishe kama hati, si kama picha. Kutuma kwa HD kunasaidia, lakini bado inabanwa. Nakala aliyoipata shemeji inafaa sentimita 10 kwa 15, isipokatwa kingo.

Ikishasafishwa, andika majina na mwaka nyuma, karibu na ukingo, kwa penseli laini. Kalamu ya wino ikikandamizwa huacha alama upande wa mbele, na wino usiokauka huhamia kwenye picha inayofuata albamuni.