Re: CD imekwama kwenye redio ya gari, haitoki

Habari ndugu. Kwa hiyo FM inapiga vizuri, ukibonyeza kitufe cha kutolea unasikia mota ikinguruma, ila CD haitoki. Basi umeme unafika, usihangaike na fyuzi. Yangu ilinisumbua hivyo hivyo.

Kwanza chomoa waya wa hasi wa betri kwa dakika 10, rudisha, washa swichi, kisha shikilia kitufe hicho. Angalizo: redio nyingine zitadai namba ya siri baada ya hapo, itafute kabla hujachomoa.

Ikigoma, fungua redio usafishe rola ya mpira kwa spiriti. Vumbi huifanya iteleze. Mimi nilikuta pia stika ya karatasi imebanduka kwenye CD, imejikunja mlangoni. Tafadhali usichokonoe kwa kisu, utakwaruza lenzi.