Mbwa wa ndege akienda mbali: umnunulie kola gani ya kumfuatilia?

Waafrika Mashariki wenzangu wa hapa Minnesota, Marekani, walioanza kuwinda ndege huniuliza swali hili kuliko jingine lolote: nimnunulie mbwa kola gani? Nami huwauliza kwanza: mbwa wako anakwenda umbali gani? Kama anapekua majani mita thelathini mbele yako, mfunge njuga, pesa zako zibaki mfukoni. Ninayoandika hapa ni ya mwenye pointa au seta, mbwa waliozalishwa kizazi baada ya kizazi ili wakimbie mbali na kutafuta ndege pale ambapo miguu ya mtu ingechukua nusu siku. Seta wangu, Upepo, akifunguliwa kwenye mbuga za North Dakota hupotea machoni ndani ya dakika chache, na huko aliko yuko kazini. Simlaumu, maana ndicho nilichomchukulia.

Mbwa wa aina hii akinusa ndege hamrukii. Anaganda, pua imeelekea aliko ndege, anakungoja. Sasa fikiria ameganda nyuma ya kilima, mita mia sita kutoka ulipo, kimya. Humwoni wala humsikii. Njuga ikinyamaza unajua ameganda, lakini upepo wa mbugani huimeza sauti yake mapema mno. Kola nzuri inakupa mshale na umbali, na vifaa vingi vya siku hizi vinakuarifu mbwa anaposimama: ameganda, mita 580, kaskazini magharibi. Unatembea kwa uhakika, na ndege bado yupo. Watu wengi hununua kola kwa hofu ya kumpoteza mbwa. Mimi yangu naipenda zaidi kwa ajili ya dakika hizo za kumfuata nikijua ananisubiri.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Neno GPS kwenye boksi lisikutoshe. GPS inaiwezesha kola kujua iko wapi, basi. Jambo la kuuliza dukani ni hili: taarifa hiyo itatokaje shingoni mwa mbwa hadi mkononi mwangu? Hapo ndipo kola zinapoachana.

Kuna zinazotuma kwa minara ya simu, kama Fi na Tractive. Ni nzuri kwa mbwa wa mjini anayeruka uzio wa jirani. Zina ada ya kila mwezi, na penye mtandao zinafanya kazi yake. Lakini magharibi mwa Dakota na mashariki mwa Montana kuna mabonde ambayo simu yenyewe haishiki, na kola haitashika pia. AirTag ya Apple ni mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa sababu inategemea simu za watu wanaopita karibu nayo. Mbugani anapita nani? Nimemwona muuzaji mmoja akimpa mteja kola ya mtandao wa simu huku mteja amesema wazi kwamba anakwenda kuwinda nyanda za mbali, na iliniuma.

Kwa mbwa anayekwenda mbali, chukua kola inayotuma kwa redio moja kwa moja hadi kwenye kifaa ulichoshika. Kundi hili lina Garmin Alpha, Dogtra Pathfinder na SportDOG TEK. Hazihitaji mnara wala ada ya kufuatilia. Garmin hutumia masafa ya MURS, yaani chaneli tano kati ya 151 na 155 MHz ambazo Marekani inaruhusu zitumike bila leseni kwa nguvu isiyozidi wati 2. Tangazo litakuambia maili 9, kama kilomita 14. Hiyo ni pale ambapo kati yako na mbwa hakuna kitu. Mawimbi haya hayapendi vilima, na ndani ya msitu wenye unyevu umbali unapungua sana. Mbwa akishuka korongoni, anaweza kutoweka kwenye kioo akiwa kilomita moja tu kutoka ulipo. Usikimbilie kule alikoonekana mwisho. Panda mahali pa juu, inua kifaa juu ya kichwa antena ikiwa imesimama, na ungoje. Mara nyingi anarudi kwenye kioo kabla pumzi yako haijatulia. Kwa sababu hiyo hiyo usiikate antena ya kola eti inaning'inia vibaya. Urefu wake umepimwa kulingana na masafa.

Wengi huchanganywa na Alpha 300i. Ile herufi i ni inReach, huduma ya kutuma ujumbe kupitia setilaiti za Iridium kwa ada. Inakusaidia wewe ukivunjika mguu mahali pasipo mtandao. Haimfuatilii mbwa kwa setilaiti. Yeye bado yuko kwenye redio ile ile. Kama unawinda peke yako, kama mimi, ilipie. Kama hamuachani na wenzako na gari liko karibu, chukua isiyo na i.

Pathfinder hutumia simu yako kama kioo, na bei yake ni nafuu mno ukilinganisha na seti ya Alpha, ambayo kifaa na kola moja huweza kufika dola 1,000 hivi. Kwa Oktoba yenye jua sina neno. Novemba, vidole vikiwa ndani ya glavu, mvua inageuka theluji na simu inazima kwa baridi, nataka kifaa chenye vitufe vya kubonyeza. Ukichukua ya simu, beba betri ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kuhusu kasi ya taarifa, yaani kola inatuma kila baada ya muda gani, nitakupa hesabu tu. Mbwa akikimbia kilomita 20 kwa saa, taarifa ya kila sekunde 2.5 inamkuta amesogea mita 14. Ya kila sekunde 30, mita 167. Ya kila dakika 2, zaidi ya mita 660. Ardhi ya North Dakota imegawanywa miraba ya maili moja, na mipaka mingi ina barabara za changarawe zenye malori. Mbwa huyo anaumaliza mraba mmoja chini ya dakika tano. Ndiyo maana mimi huweka sekunde 2.5 au 5 na kuchaji kila usiku. Kola za Garmin zina hali ya uokoaji: betri ikishuka chini ya asilimia 25, zinahamia kwenye dakika 2 ili mbwa aendelee kupatikana. Hakikisha imewashwa.

Ramani iliyo ndani ya kifaa nayo ina uzito wake. Mraba wa kushoto ni shamba ambalo jimbo limelikodi ili wawindaji waingie kwa miguu, lenye vibao vya pembetatu vya njano; wa kulia ni wa mtu aliyekataza. Mbwa hasomi vibao. Ukiona anausogelea mpaka, piga filimbi mapema. Ramani zenye mipaka ya umiliki mara nyingi huuzwa peke yake, kwa hiyo ziweke kwenye bajeti.

Kuna kola za kufuatilia tu, na kuna zenye mshtuko wa umeme pia. Wales ilipiga marufuku kola za mshtuko mwaka 2010, na hoja zao naziheshimu. Mimi ningependelea uanze na ya kufuatilia tu, au utumie mlio na mtetemo. Mbwa asiyejua amri hafundishwi kwa umeme akiwa mita mia nane, mahali ambapo huoni anachokifanya. Anaweza kuhusisha maumivu na ndege aliyekuwa anamnusa, na hapo umeharibu kazi ya miaka.

Ivalishe juu shingoni, ikae imara bila kumkaba, kipande cha GPS kikitazama angani. Jioni ivue. Manyoya yaliyolowa chini ya kola iliyobana hufanya kidonda ndani ya siku chache, hasa kwa mbwa wa kilo 18, ambaye mzigo wa karibu robo kilo shingoni anausikia. Acha shingoni kola ya kawaida yenye kibati cha namba yako ya simu.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha inaoana na kifaa chako, kwa kuwa hata za kampuni moja hazioani zote, na weka fedha ya betri mpya. Na kwa mwenye mpango wa kupeleka seti nyumbani: ruhusa ya MURS ni ya Marekani. Zungumza kwanza na TCRA Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, kabla hujaifunga kwenye begi.