Mfumo Ukikwama, Wafanyakazi Wafanye Nini?

SWALI: Mhariri, salaam. Tuna ofisi ya uwakala wa forodha, wafanyakazi 8. Mfumo wa forodha ukikwama au stima ikipotea, kila mtu hushika simu yake akangoja. Mambo yakirudi jioni wote hukimbilia kuingiza kazi kwa pamoja, na makosa huwa tele. Tufanyeje?
Msomaji, Shimanzi

JIBU: Kwanza jueni kilichokufa ni kipi. Mtu mmoja apewe jukumu hilo, na dakika 5 zamtosha. Stima ikiwepo, atazame kisanduku cha faiba. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mawimbi hayafiki kutoka kwa mtoa huduma. Kuizima na kuiwasha ruta hakusaidii kitu, apige simu. LOS ikiwa imezima, ajaribu mfumo kwa bando la simu. Ukikataa huko pia na tovuti nyingine zinafunguka, basi tatizo ni la wenye mfumo na hamna cha kutengeneza. Aandike saa ulipokwama na apige picha ya skrini inayoonyesha saa, kwani mkija kuomba msamaha wa ada za kuhifadhi mzigo mtaulizwa ushahidi.

Kinachosimama hapo ni kuwasilisha tu. Kuandaa hakusimami. Ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena zilinganishwe sasa: idadi, uzito, jina la mpokeaji. Uainishaji wa bidhaa nao hauhitaji intaneti iwapo kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki, toleo la 2022, kimehifadhiwa ndani ya kompyuta. Tarakimu 6 za kwanza za msimbo wa bidhaa ni za dunia nzima; mbili za mwisho ni za kanda yetu, na hizo ndizo hubahatishwa mtu akiwa na haraka.

Hakikini pia nambari za kontena. Ya mwisho kati ya tarakimu 7 hutokana na hesabu, kwa hiyo kosa la kunakili hugundulika pale pale. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, na kuendelea, mkiruka 11, 22 na 33. Zidisheni nafasi ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hivyo hivyo hadi ya kumi kwa 512. Jumlisheni, gawanyeni kwa 11. Baki ndiyo tarakimu ya mwisho, na baki ikiwa 10 huandikwa 0. Kwa CSQU305438 jumla ni 6185, baki 3, kwa hiyo nambari kamili ni CSQU3054383. Itengenezeeni jedwali mara moja, litafanya kazi bila intaneti.

Ule msongamano wa jioni dawa yake ni karatasi. Chapisheni fomu ambayo nafasi zake zinafuata mpangilio ule ule wa skrini, yenye nambari ya mfululizo na mahali pa kutia sahihi ya aliyeingiza. Mfumo ukirudi, wawili tu waingize, mmoja asome na mwingine achape, wakianza na mizigo inayokaribia kumaliza siku zake za kuhifadhiwa bila ada, si kwa zamu ya kufika. Na lile tamko la forodha (maelezo ya mzigo mnayowasilisha mfumoni) lililokwama katikati ya kutumwa, msilitume tena kabla ya kutazama orodha ya yaliyopokelewa. Tamko likiingia mara mbili, kulifuta huchukua muda kuliko kungoja.

Wasiobaki na nyaraka wawapigie wateja wenye hati pungufu. Kufagia stoo na kupanga upya mafaili yaliyokwisha pangwa ni njia ya kumficha mtu ili bosi asimwone amekaa.

SWALI: Siku mtandao umepotea, naweza kumkata mfanyakazi mshahara?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Hapana. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataja makato yanayoruhusiwa, na mitambo kuharibika haimo. Amefika kazini, kazi ndiyo imekosekana.

SWALI: UPS yetu (kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta stima ikipotea) ya 650 VA ilidumu robo saa ilipokuwa mpya. Sasa hata kuhifadhi faili hatuwahi. Tununue kubwa zaidi?
Msomaji, Tudor

JIBU: Badilisheni betri kwanza. Mara nyingi ndani yake mna moja ya volti 12, Ah 7. Joto ndilo huiua: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake takriban nusu, na ofisi za Mombasa zisizo na kiyoyozi huvuka hapo kila mchana. Iondoeni dirishani na msiifungie kabatini. Printa ya leza isichomekwe humo kamwe, kwani inapopasha moto huvuta umeme kuliko UPS ndogo inavyoweza kubeba.

Kisha wekeni UPS ya pili kwa ajili ya ruta na kisanduku cha faiba pekee. Vyote viwili hula wati chache, kwa hiyo betri kama hiyo hukaa saa kadhaa, na waliobeba laptopu huendelea na kazi. Laini ya akiba iwe ya kampuni nyingine, na muulize inapitia waya gani wa baharini: Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja, laini mbili hazikumfaa mtu iwapo zote zilitegemea nyaya hizo. Mkitumia bando la simu, iambieni Windows kwamba intaneti hiyo hulipiwa kwa kipimo, la sivyo masasisho yatalimaliza kabla ya barua pepe ya kwanza kutoka.