Jibu: Darcy hayupo kuanzia Novemba hadi Pasaka, niandike nini?

Salama mkuu? Nimekuelewa: unaisimulia upya Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen, kwa macho ya Darcy, lakini akishaondoka Netherfield, nyumba aliyopanga rafiki yake Bingley, Elizabeth anayempenda hamwoni tena mpaka Kent, nawe umebaki na miezi mitupu.

Kabla ya kubuni chochote, rudia ile barua ya Darcy kwa Elizabeth, sura ya 35. Mimi huanzia hapo. Darcy anakiri kwamba Jane, dada yake Elizabeth anayependwa na Bingley, alikuwa London majira ya baridi, yeye akajua, na akamficha Bingley habari hiyo. Sura yako hiyo hapo! Wawili mezani, Bingley anaikumbuka Hertfordshire, kwao Jane, rafiki yake anakata nyama kimya.

Halafu usimpe Darcy anachokijua msomaji. Anapomposa Elizabeth kule Hunsford, Kent, mdomoni anataja wasiwasi ila usoni ana uhakika wa kukubaliwa. Mwandike hivyohivyo. Wengi humlainisha mapema mno, na posa inakosa makali (binafsi huwa naacha kusoma hapo).

Mazungumzo yaache yalivyo. Kitabu ni cha 1813, hakimiliki haikuhusu. Badilisha tu anachokitazama akiwa anaongea.