Maswali ya Wasomaji: Kocha Aliyejua Akanyamaza

*Ndugu Mhariri, hapa kijiweni Nyegezi tumebishana kuhusu Jim Tressel, kocha wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, aliyejiuzulu mwaka 2011. Waliouza jezi ni wachezaji. Yeye alikosa nini?*
Mwanafunzi, Nyegezi

Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, unaobebwa mikononi. Wakati huo kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, zilimkataza mchezaji kujipatia fedha au huduma ya bure kwa sababu ya umaarufu wake. Wachezaji kadhaa walitoa jezi, pete za ubingwa na zawadi nyingine, wakapewa fedha na kuchorwa tatuu. Hilo ni kosa lao, na watano kati yao walifungiwa mechi 5 za mwanzo wa msimu wa 2011.

La kocha linaonekana ukifuata tarehe. Aprili 2010 wakili mmoja wa mjini Columbus alimweleza kwa barua pepe habari za wachezaji hao na mwenye duka la tatuu, ambaye tayari alikuwa akichunguzwa na serikali. Kocha alipaswa kulifikisha jambo hilo kwenye ofisi ya chuo inayosimamia kanuni, lakini hakulifikisha. Septemba akasaini fomu ya kila mwaka inayotamka kwamba hana habari ya kanuni yoyote kuvunjwa. Wachezaji wakapangwa msimu mzima. Desemba serikali ilipokiarifu chuo, bado hakusema anachokijua. Januari 2011 chuo kikazikuta zile barua pepe.

Kwa maoni yetu, saini ile ya Septemba ndiyo iliyommaliza. Kabla yake angeweza kujitetea kwamba alikuwa akitafakari. Baada yake alikuwa ameshatamka uongo kwa maandishi. Machi chuo kilimpa adhabu ya kukosa mechi 2 na faini ya dola 250,000. Wengi waliiona nyepesi, na Mei 30 akaondoka. Ushindi wa msimu wa 2010 ulifutwa, chuo kikapunguziwa jumla ya nafasi 9 za ufadhili wa wachezaji katika miaka 3, na kikazuiwa kucheza mechi ya baada ya msimu wa 2012. Msimu huo timu ilishinda mechi zote 12 chini ya kocha mwingine, ikaishia hapo. Vijana wengi walioumizwa na adhabu hiyo hawakuwa wameuza hata soksi, na hilo linatuuma.

*Nasikia siku hizi wachezaji wa vyuo Marekani wanalipwa kwa matangazo. Basi Tressel alionewa?*
Msomaji, Nansio, Ukerewe

Hapana. Ruhusa ya kunufaika na jina na picha zao ilianza Julai 2021, miaka 10 baadaye. Hata ingekuwepo mapema, kosa la kuficha na kusaini uongo lingebaki palepale.

*Shikamooni wahariri. Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya chuo. Jumatano nimeletewa ujumbe wa simu kwamba wachezaji wetu wawili ni mamluki wa timu ya mtaani Igoma, wanatumia vitambulisho vya wanafunzi wengine. Jumamosi tuna mechi. Nianzie wapi?*
Kocha msaidizi, Buswelu

Marahaba, Mwalimu. Anzia kwenye karatasi, leo hii. Usiufute ujumbe huo, wala usiurushe kwenye kundi la timu. Andika barua fupi kwa mkuu wa chuo, nakala kwa kocha mkuu na mwalimu wa michezo: siku na saa uliyopata taarifa, imesema nini, na kwamba hujaithibitisha. Usimhukumu mtu ndani ya barua hiyo. Ipeleke masjala ukiwa na nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Taarifa ya mdomo haitakusaidia. Kesho kila mtu atasema hakusikia.

Kisha omba ofisi ya usajili ilinganishe mambo matatu: jina na namba ya usajili, picha iliyomo kwenye faili la chuo, na sura ya mchezaji mwenyewe akiwa amesimama mbele ya ofisa. Makosa mengi hutokea hapa. Kocha huagiza mchezaji akalete kitambulisho, naye hurudi na kadi halali kabisa ya mtu mwingine. Kadi peke yake haithibitishi kitu. Picha ya kwenye faili ndiyo inayosema.

Usiwahoji vijana hao ukiwa peke yako. Ukiwatisha watatoweka, na wenye vitambulisho watakana. Subiri wawepo watu wawili wa chuo, na maelezo yaandikwe na kusainiwa.

Na Jumamosi? Majibu ya ofisi yasipokuwa yametoka, waweke wote wawili nje, hata benchi wasikae. Wakiwa safi, umekosa wachezaji kwa dakika 90. Wakiwa mamluki na wewe ulishajua, timu inaweza kupokwa pointi, na barua yako ya Jumatano itakugeuka: itaonyesha ulijua ukawapanga. Kocha mkuu akikulazimisha kuwapanga, mwandikie naye, nakala kwa mkuu wa chuo. Orodha ya wachezaji ikiletwa usaini ilhali majina yao yamo, usiisaini.